Mvuke unakusumbua? Kwanza angalia umekuja na nani

Kabla hujashika spana wala hujampigia fundi simu, chemsha maji kwenye birika lolote afu likianza kutoa, angalia mdomo wake kwa makini, sio kule juu kwenye wingu, hapo hapo mdomoni. Utaona kuna kanafasi kadogo, kama upana wa vidole viwili hivi, ambako ni kama hakuna kitu kinachotoka, ndo mbele yake wingu jeupe linaanza. Sasa ile sehemu unayoona hamna kitu ndo mvuke. Lile jeupe ambalo wote tunaliita mvuke ni maji tayari, vitone vidogo sana vilivyopoa vikarudi walikotoka, ni ndugu na ukungu wa asubuhi. Mvuke wenyewe hauonekani, kama hewa tu.

Naanzia hapo kwa sababu nimekaa miaka na boila za kufulia, yale matanki ya kuchemshia maji yawe mvuke, na mashine za kutakasia vyombo vya hospitali, na karibu kila tatizo nililohangaika nalo lilikuwa mtu analaumu mvuke wakati mkosaji ni kitu kilichosafiri nao kimya kimya. Mara nyingi ni hewa, isipokuwa hewa ni maji, na isipokuwa hayo basi chokaa. Kwa hiyo humu ukiona dalili yoyote swali langu la kwanza litakuwa lile lile, huu mvuke umekuja na nani.

Na ujue mvuke wenyewe unabeba nini, manake bila hiyo hutaelewa kwa nini makosa madogo yana hasara kubwa. Kilo moja ya maji ukiipasha kutoka digrii 0 mpaka 100 inakula kama kilojuli 419 za joto (kilojuli ni kipimo cha nishati). Ikishafika 100, kuigeuza iwe mvuke wa digrii 100 hiyo hiyo inakula zingine 2,257, yaani zaidi ya mara tano na kipimajoto hakijasogea hata kidogo. Hilo joto halijapotea, mvuke umelibeba kama mzigo kichwani, na ukigusa tu kitu kilichopoa kuliko wenyewe unautua mzigo wote pale pale afu unageuka maji. Ndo maana unapika, unanyoosha nguo, unaua vijidudu, unazungusha mitambo ya umeme. Tena lita moja ya maji ikigeuka kwenye presha ya kawaida inakuwa kama lita 1,670 za mvuke, kwa hiyo unasukuma kwa nguvu pia. Inachekesha kidogo kwamba treni la zamani tuliliita gari moshi, moshi ndo ulionekana ukapewa jina, mvuke uliokuwa unavuta mabehewa yote yale hauonekani basi ukaambulia patupu.

Haya, twende kwenye dalili.

Sufuria ya presha inapuliza vizuri ila chakula hakiivi kwa muda wake

Sufuria za presha nyingi zinafanya kazi karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha) juu ya presha ya hewa, na hapo mvuke unakuwa na digrii kama 120. Ikiwa inapuliza na bado mambo hayaendi, angalia kama ulifunga kile kizito cha juu mapema kabla hewa haijatoka. Hewa iliyobaki ndani inajaza nafasi na kuleta presha, ila haibebi ule mzigo wa joto, kwa hiyo presha unayo na joto huna. Kwa sufuria za kizito cha kuweka kwa mkono, acha mvuke utoke kwa kasi dakika kadhaa kwanza ndo ukiweke. Zile zenye kipini kinachojiinua zinajitolea hewa zenyewe, hapo tatizo ni kwingine.

Kwingine ni wapi? Raba ya mfuniko. Ikiwa ngumu au imepasuka mvuke unatoroka pembeni, utaona matone yanatembea kwenye ukingo na sufuria haifiki kupuliza kabisa au inachelewa sana. Itoe, iminye, ikikatika nyufa ukiikunja ni ya kutupa. Na kama raba ni nzima basi umeweka maji kidogo mno, yameisha kabla ya kazi.

Ukiwa milimani usiilaumu sufuria. Kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwenye digrii 90 hivi, na hata ukiweka bar 1 juu ya hewa ya huko ambayo ni nyepesi unafika kama 115 tu badala ya 120. Ongeza muda, hamna dawa nyingine.

La muhimu kuliko yote hayo ni tundu la kutolea. Kabla ya kila pishi inua mfuniko uelekeze kwenye mwanga uchungulie, ukiona mwanga upande wa pili uko salama, usipouona chokonoa na usafishe, kwa sababu povu la chakula likikauka mle sufuria inabaki bila pua. Denis Papin aliyetengeneza sufuria ya kwanza ya namna hii mwaka 1679 ndo huyo huyo aliyeipa valvu ya usalama ya mkono wenye uzito, nadhani alishaonja vitisho vyake.

Mashine ya kutakasia vyombo: geji inasoma sawa, vijidudu havifi

Hapa nitakaa kidogo manake ndo tatizo linalodanganya watu wazima na akili zao.

Otoklevu, yaani hiyo mashine ya kutakasia kwa mvuke, inatakiwa ishike digrii 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3 kwa zile za haraka, na huo muda unaanza kuhesabiwa vyombo vyenyewe vikishafika hilo joto, sio ulipowasha. Sasa mtu anaangalia geji ya presha inasoma bar 1 na kidogo, anasema tayari. Geji ya presha haijui tofauti ya mvuke na hewa, kwake yeye anayesukuma ni anayesukuma. Chukua mfano, geji inasoma bar 1. Ukijumlisha na bar 1 ya hewa ya dunia ambayo geji haiihesabu, ndani kuna bar 2 kamili. Kama ni mvuke mtupu una digrii 120. Kama nusu ya hiyo ni hewa iliyonaswa, mvuke umechangia bar 1 tu, na mvuke wa bar 1 ni digrii 100, joto la birika la kawaida. Geji ile ile, sindano pale pale, umepungukiwa digrii 20. Hewa ikiwa robo tu bado unaangukia kama 111.

Dalili ya uhakika ni presha na joto kutokubaliana. Mashine yoyote nzuri ina vyote viwili, kwa hiyo soma vyote, na kama presha inasema 120 huku kipimajoto kinasema 111 basi kimoja kinadanganya au kuna hewa, na mara nyingi ni hewa.

Imeingiaje? Kuna siku tulitoa shehena, ule utepe wa nje umebadilika rangi vizuri kabisa, kila mtu anafurahi, afu nesi mmoja mkaidi akafungua pakiti ya katikati na kile kikaratasi cha kupimia cha ndani kilikuwa vile vile kama kilivyoingia. Tukaanza kulaumu valvu, tukalaumu boila, mpaka fundi mkubwa akauliza hivi, mabakuli mlipanga vipi? Tulipanga yakitazama juu, kama unavyopanga mezani. Hewa ni nzito kuliko mvuke, inazama, na kwenye zile mashine za kawaida inatolewa kwa kusukumwa chini mpaka kwenye tundu la sakafuni. Sasa bakuli linalotazama juu linaishika hewa kama linavyoshika maji, mvuke unapita juu yake unaendelea na safari. Tukayageuza yakae kwa ubavu, tukaacha nafasi kati ya pakiti badala ya kushindilia, raundi iliyofuata vikaratasi vyote vikabadilika. Hatukugusa hata nati moja.

Kwa hiyo mpangilio kwanza. Afu kile kichujio cha tundu la chini, kinajaa nyuzi za vitambaa watu wanasahau kipo. Afu raba ya mlango. Ukimaliza hivyo ndo uanze kushuku valvu.

Vitu vikitoka vimelowa ni hadithi nyingine, hiyo ni maji, sio hewa. Labda mvuke unaingia tayari umebeba vitone kutoka kwenye boila, labda umefungua mlango haraka kabla havijakauka, labda vyuma vingi vizito vimerundikwa pamoja vikageuza mvuke mwingi kuwa maji kwa mpigo. Pakiti iliyolowa ihesabu kama haijatakaswa, vijidudu vinapita kwenye kitambaa chenye maji bila shida.

Kuna na mvuke uliopashwa kupita kiasi, ukakauka. Mtu anadhani moto zaidi ndo bora. Kwenye mitambo ya umeme ni kweli, wanautaka mkavu ili vitone visile mapanga ya tabini, lile gurudumu linalozungushwa na mvuke. Ila kwa kutakasa na kupasha joto huo unafanya kazi kama hewa moto ya oveni, lazima upoe kwanza ndo uanze kutua mzigo.

Mabomba yanagonga asubuhi

Ukisikia sauti hii mara moja hutaisahau. Inaanza tik, tik, tik ndogo ndogo huko mbali, inasogea, afu BAAM, bomba linaruka kwenye vishikio vyake na vumbi la ile nguo ya kuhifadhi joto linadondoka kama mtu amekung'uta godoro. Wageni wanadhani ni chuma kinatanuka. Chuma kikitanuka kinalia, hakigongi hivyo.

Kinachogonga ni maji. Usiku mvuke uliobaki kwenye bomba umepoa umekuwa maji, yamelala chini ya bomba. Asubuhi mtu anafungua valvu kwa mkupuo, na mvuke kwenye bomba lililopimwa vizuri unatembea mita 25 mpaka 40 kwa sekunde, hiyo ni kama gari kwenye barabara kuu au zaidi. Unapita juu ya maji unayatia mawimbi, wimbi likiinuka mpaka likaziba bomba zima mvuke wa nyuma unalisukuma kama risasi, na maji hayabonyei, yakifika kwenye kona au valvu yanagonga kama nyundo. Kuna namna ya pili pia, mvuke ukizingirwa na maji ya baridi unageuka ghafla, mahali palipokuwa na lita 1,670 panabaki lita moja, pengo linabaki pale maji yanakimbilia kulijaza kutoka pande zote na yanagongana yenyewe kwa yenyewe. Valvu za chuma cha kumimina zimepasuka kwa hili na watu wamekufa, kwa hiyo sio suala la kelele.

Cha kufanya siku hiyo hiyo: funga, subiri, fungua vitundu vya kumwagia maji kwenye sehemu za chini mpaka yaishe, afu fungua valvu kuu kidogo sana, kama robo ya mzunguko, uache bomba lipate joto taratibu. Bomba refu linaweza kuhitaji nusu saa. Msimamizi atakuja kuuliza kwa nini kazi haijaanza, mwambie asikilize.

Kama unafanya hivyo na bado linagonga, na linagonga mahali pamoja kila siku, tembea na bomba kwa macho kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nililitembea moja mara tatu sikuona kitu, mara ya nne nikachuchumaa nikalitazama kwa jicho moja kama fremu ya mlango nikaona tumbo. Kishikio kimoja kilikatika, bomba likashuka kama vidole vitatu katikati, basi pale ndo palikuwa kidimbwi. Bomba linatakiwa liinamie kule mvuke unakoelekea, sentimita moja kwa kila mita inatosha, ili maji na mvuke viende upande mmoja. Tukaweka kishikio, ikaisha.

Maji yanarukaruka kwenye kioo cha boila na mvuke unatoka mchafu

Kioo ni kile kibomba cha pembeni kinachoonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Hapa maji yanapanda mvuke bila tiketi. Boila ikichemka mvuke unaondoka safi, chumvi na uchafu vinabaki, na kila siku maji yaliyobaki yanazidi kuwa mazito mpaka yanatoa povu kama sabuni. Povu linavutwa na mvuke mpaka kwenye mashine, ndo unaona madoa kwenye nguo na valvu zinashika utando. Dawa ni kumwaga kiasi cha maji ya chini mara kwa mara na kuingiza mapya, na kupima uzito wa chumvi badala ya kubahatisha, manake ukimwaga sana unamwaga na pesa ya moto.

Kama povu limekuja ghafla wakati jana ilikuwa shwari, tafuta mafuta au sabuni iliyoingia kwenye maji yanayorudi. Na kama yanaruka tu pale mashine kubwa inapowashwa, presha inashuka ghafla na maji yote ya ndani yanachemka kwa mkupuo mmoja, kama soda uliyoitikisa ukafungua. Fungueni mashine moja moja, mbona mnafungua zote pamoja?

Maji hayaonekani kabisa kwenye kioo

Hii sio ya kutafutia sababu, hii ni ya kuzima. Zima moto kwanza. USIINGIZE MAJI. Najua mkono unakimbilia pampu, kila mtu mkono wake unakimbilia pampu, ila kama chuma cha ndani kimeshakauka na kuwa chekundu, maji yakigusa yanageuka mvuke yote kwa pamoja na ile hesabu ya mara 1,670 unaikumbuka. Chuma chekundu kimelegea pia hakiwezi kushika hata presha ya kawaida. Zima, ondoa watu, acha ipoe yenyewe, na kabla ya kuwashwa tena ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi.

Siku za kawaida, ili usifike huko, puliza kile kioo kila zamu, yaani fungua kikoki chake cha chini maji yatoke, kuhakikisha vitundu vyake havijaziba, kwa sababu kioo kilichoziba kinaendelea kuonyesha maji ya juzi. Maji yanayorudi haraka na kuchezacheza ni mazuri. Maji yaliyotulia tuli kama picha yashuku.

Na valvu ya usalama ikivuja, haifungwi waya, haiongezwi uzito, haizibwi. Inabadilishwa. Na kiraka cha boila kisiwe cha haraka haraka: mwezi Aprili 1865 meli ya mvuke Sultana ililipuka boila kwenye mto Mississippi karibu na Memphis, Marekani, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 1,100, na siku chache kabla boila yake moja ilikuwa imevuja ikapigwa kiraka cha haraka ili safari isichelewe.

Birika linapiga kelele na linachelewa, pasi inatema maji

Chokaa. Maji magumu yana chokaa iliyoyeyuka, na tofauti na sukari ambayo inayeyuka zaidi kwenye moto, hii ikipata joto inajitenga na kushika kwenye kuta kama ukoko. Ukoko unazuia joto, kwa hiyo chuma cha chini kinaungua huku maji ya juu yanachelewa, na mapovu yanayonaswa chini yake ndo yanayopiga ile kelele. Jaza siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pasha, acha saa moja, utaona inachemka vipovu vidogo, mwaga, suuza mara mbili tatu. Usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, inatoa gesi ya sumu.

Pasi ina njia yake. Ikitema maji safi mwanzoni tu, ulianza kubonyeza mvuke kabla haijapata moto, maji yakapita bila kugeuka. Ikitema katikati ya kazi, ama umeishusha joto chini ya alama ya mvuke ama umebonyeza mara nyingi mfululizo ikapoa. Ikitoa maji ya kahawia ni chokaa na uchafu vimeungua kwenye vyumba vya ndani, au uliweka maji ya manukato ambayo kitabu chake kilikukataza. Ijaze, ipashe mpaka mwisho, chomoa umeme, ilaze juu ya beseni uitikise itoe kila kitu. Madoa ya kahawia yakiwa kwenye nguo moja tu na nyingine hamna, sio pasi, ni sabuni iliyobaki kwenye hiyo nguo inaungua.

Nasikia ssss ila sioni kinachovuja

Simama hapo hapo. Usipitishe mkono kutafuta. Kumbuka kanafasi ka mdomo wa birika. Kwenye bomba lenye presha kubwa hako kanafasi kanaweza kuwa karefu sana, na mvuke uliokauka unaweza usionekane kabisa. Funga kitambaa kwenye fimbo ndefu utafute nacho, kitambaa kitapepea au kulowa kabla yako.

Gramu moja ya maji ya digrii 100 ikikugusa ikapoa mpaka joto la mwili inakuachia kama juli 264. Gramu moja ya mvuke wa digrii 100 inakuachia hizo pamoja na 2,257 za ule mzigo, karibu mara kumi. Ndo maana mfuniko unainuliwa kwa kuuelekeza mbali na uso, na ndo maana beseni la kujifukizia halisogezwi karibu na mtoto. Ukiungua tia sehemu chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili, vua pete na saa mapema kabla hapajavimba, nguo iliyogandia ngozi usiivute. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Uso, koo, au umevuta mvuke ndani, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima.

Bomba la kutolea maji linafuka wingu kutwa nzima

Kila mashine ya mvuke ina kile kifaa mwishoni kinachoruhusu maji kupita na kuzuia mvuke, mafundi wengi tunakiita trapu. Mtu akiona wingu jeupe nje anasema trapu imekufa. Sio lazima. Maji yanayotoka kwenye bar 7 yana digrii 170, yakifika nje ambako hayaruhusiwi kuzidi 100 kama asilimia 13 yake inageuka mvuke papo hapo, halali kabisa. Angalia tabia yake: wingu la halali linakuja kwa vipindi, linaelea kivivu, limechanganyika na maji. Mvuke unaotoroka unatoka mfululizo, kwa nguvu, na ile nafasi isiyoonekana mdomoni ipo. Trapu iliyoziba yenyewe haifuki chochote, imepoa, na mashine yake inajaa maji inapoteza joto. Hiyo watu hawaioni kwa sababu haina wingu.

Mabomba ya kurudisha maji yakioza kwa chini kama yamechorwa mfereji, ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyotoka kwenye maji ya boila, inayeyuka tena kwenye maji yanayorudi inakuwa asidi hafifu. Kubadilisha bomba pekee ni kununua muda, rekebisha dawa inayotiwa kwenye maji ya boila.

Imepoa, mfuniko umekataa kufunguka, au boila inavuta

Mvuke uliofungiwa ukipoa unaacha pengo, na hewa ya nje inabonyeza kila upande. Mashine ya mvuke ya Mwingereza Thomas Newcomen ya mwaka 1712 iliendeshwa na pengo hilo hilo, sio na msukumo. Tena majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 pale Chuo Kikuu cha Glasgow, fundi wa vyombo aliyeitwa James Watt aliletewa mfano mdogo wa mashine hiyo autengeneze, unapiga mara chache unakata pumzi. Akachunguza akaona mvuke mwingi unaishia kupasha silinda ile ile iliyomwagiwa maji baridi kila pigo. Mwaka 1765 akafikiria kuupoza kwenye chumba cha pembeni, 1769 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake. Yote ilianza na kazi ya kutengeneza kitu kibovu.

Kwako wewe: sufuria ikigoma usilete bisibisi, inua kile kizito hewa iingie na mfuniko utaachia wenyewe, au kama bado imegoma ipashe kidogo. Tanki jembamba lisilo na pa kuvutia hewa linaweza kujikunja kama kopo lililokanyagwa, kwa hiyo usilifunge kabisa likiwa na mvuke ndani. Na boila ikizimwa jioni, geji ikikaribia sifuri fungua kile kivalvu cha hewa cha juu, isije ikavuta maji kutoka kwenye tanki la kulishia au ikanyonya raba za milango. Asubuhi ukiwasha kiache wazi vile vile, hewa yote ya usiku itoke kwanza, ukisubiri mpaka mdomoni mwake pale pasionekane kitu kwa upana wa vidole viwili, ndo ukifunge.